Miaka Yangu Kwenye Filta za Hewa

Ninyi mliobaki kazini mmeniomba niandike, na mimi naandika taratibu, kwa hiyo mnivumilie. Nimesoma hadi darasa la saba tu, katika shule moja ya kijijini upande wa Kongwa, na barua ndefu kuliko zote niliyowahi kuandika kabla ya hii ilikuwa ya kuomba ruhusa ya msiba. Habari za vyeo sitazigusa. Nilivyopata ni vichache, na vingine nilipewa kwa sababu aliyestahili alikuwa amehama. Nitaandika juu ya kazi.

Niliingia kituoni nikiwa binti wa miaka kumi na tisa, kibarua wa kufagia. Wakati huo kituo kilikuwa cha dizeli, injini nne kubwa ndani ya banda moja, na kelele yake ilinifaa sana. Nilikuwa na haya kiasi kwamba mtu akinisalimia nilitazama viatu vyake. Ndani ya banda lile hakuna aliyesikia unasema nini, kwa hiyo hakuna aliyekushangaa ukinyamaza.

Siku ya kwanza nilipewa ufagio, nikaanza kufagia kama tunavyofagia uwanja nyumbani, kwa nguvu, kutoka mlangoni kwenda ndani. Vumbi likapanda hadi kwenye taa. Mzee mmoja mfupi, mwenye ovaroli iliyopigwa pasi, akanishika mkono na kunitoa nje ili nimsikie. Huyo ndiye Fundi Shabani, mkuu wa mafundi wa zamu, ambaye alinifundisha karibu kila kitu ninachokijua.

"Binti, unaitwa nani?"

"Edina."

"Edina, wewe na hizo injini mna ugomvi?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi mbona unazilisha mchanga? Injini inavuta hewa kama ng'ombe anavyovuta maji. Ukirusha vumbi humu ndani, lote linakwenda tumboni mwake."

Akanionyesha gunia la maranda ya mbao. Unayalowesha kidogo, unayamwaga sakafuni, ndipo unafagia. Vumbi linashikwa na maranda, halipandi. Mpaka leo nyumbani kwangu, mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, nafagia hivyo, na majirani wanadhani nina ndugu seremala.

Fundi Shabani alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu, mzaliwa wa Dodoma kama baba yake na babu yake. Alipenda kusema kwamba ukoo wao ulifika hapa na misafara ya zamani. Babu wa babu yake alikuwa Mnyamwezi mpagazi, akachoka na mzigo, akautua, akaoa. Kwa kuwa mimi ni Mgogo, hakuniacha nipumzike kwa utani.

"Wazee wenu walimtoza babu yangu hongo ya njia kila alipotaka kupita na kunywa maji," aliniambia nilipomaliza mwezi. "Nimetafuta Mgogo wa kulipiza, Mungu kaniletea wewe. Kuanzia kesho unapanda juu, kwenye filta."

Filta zilikuwa kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Kila injini ilivuta hewa kupitia chumba kilichojengwa juu ya paa, chenye fremu za wavu wa chuma. Kazi ilikuwa kuzitoa fremu, kuziosha kwa mafuta ya taa, kuzikausha, kuzichovya kwenye oili, kuziacha zichuruzike, kisha kuzirudisha. Ukiirudisha fremu kabla haijachuruzika, injini inavuta oili. Ukiichelewesha, injini ya jirani inabeba mzigo wako na fundi wake anakusema siku nzima. Mikono yangu ilinuka mafuta ya taa mpaka mchumba wangu akaniuliza kama nauza duka.

Kando ya mlango wa kila chumba cha filta kulikuwa na bomba la kioo lililopindwa mfano wa herufi U, ndani yake maji yaliyotiwa rangi nyekundu. Upande mmoja wa bomba ulifunguka nje, mwingine ndani nyuma ya filta. Filta zikiwa safi, maji yanakaa sawa pande zote mbili. Zikiziba, upande mmoja unapanda.

"Yakipanda hivi," Fundi Shabani alisema, akaweka kidole kwenye alama, "mtambo wako unakabwa koo. Hauwezi kupiga kelele, kwa hiyo wewe ndiye utakayesema."

Nadhani alijua kwamba hata mimi sikuwa wa kupiga kelele. Akanipa daftari. Akaniambia kila nikisoma kipimo niandike saa, kipimo, na nilichokiona kutoka pale juu.

"Niandike nini, fundi?"

"Ulichokiona. Usiandike unachofikiri. Mawazo ninayo yangu ya kutosha."

Kwa mtu anayeandika polepole ushauri huo ulikuwa zawadi. Niliandika maneno matatu, manne. "Saa nne. Kipimo kidogo. Upepo." Wenzangu waliandika "kawaida" kuanzia juu ya ukurasa mpaka chini, halafu wakaenda kunywa chai. Mimi nilibaki juu kwa sababu chai ilikuwa na watu wengi.

Kutoka juu ya paa niliona mengi. Upande wa magharibi, nje kidogo ya uzio wa nyaya, palikuwa na birika refu la saruji la kunyweshea mifugo. Kisima chetu kilipojaza tangi, maji yaliyofurika yalipita kwenye bomba hadi pale. Fundi Shabani ndiye aliyenieleza habari zake. Kituo kilipojengwa, wazee wa kijiji cha jirani walitoa eneo, wakaomba jambo moja tu, kwamba maji yanayomwagika yasipotee. Mkuu wa kituo wa wakati ule akakubali kwa mdomo, wakashikana mikono. Kila siku saa saba mchana ng'ombe walikuja, wakanywa, wakaondoka kwa njia waliyojia.

Miaka ikaenda hivyo. Niliolewa, nikazaa, nikaajiriwa rasmi, Fundi Shabani akastaafu na kuanza kuuza kahawa karibu na soko, ambako aliwakagua wateja kama alivyotukagua sisi. Nikawa kiongozi wa kikundi cha filta. Tulikuwa sita, wote wa darasa la saba. Joeli, ambaye wengi wenu mnamjua kwa mdomo wake, alijiunga nasi miaka hiyo.

Kisha ikaja gesi. Mradi ulikuwa wa kuondoa injini za dizeli na kuweka mitambo mipya inayotumia gesi asilia, ambayo ingeletwa kutoka pwani kwenye malori ya mitungi mikubwa. Wazee wengi waliogopa. Mmoja alisema hawezi kufanya kazi juu ya jiko. Tulifundishwa upya: simu zinabaki getini, viatu visivyotoa cheche, nini cha kufanya king'ora kikilia. Madereva wa malori walilalamika kwamba wanapoteza muda Kibaigwa, kwenye foleni ya malori ya mahindi, ambako madalali huwagongea dirisha wakiuliza wamebeba gunia ngapi.

Siku mtambo wa kwanza wa gesi ulipowashwa nilikuwa nje pamoja na akina mama wa kijijini waliokuja kutazama. Tulizoea moshi mweusi. Safari hii bomba la moshi halikutoa chochote cha kuonekana, hewa tu ya moto iliyotikisika. Mama mmoja akaniuliza watauwasha lini. Nikamwambia umewaka nusu saa iliyopita. Akalitazama bomba, kisha akasema, "Basi leo nitaanika mashuka meupe."

Filta nazo zilibadilika. Zilikuwa za karatasi ngumu iliyokunjwa mikunjo mingi, umbo la ndoo. Hizi haziguswi na maji. Unazipuliza kwa hewa ya mashine, kutoka ndani kwenda nje, na zikichoka unaweka mpya. Juma la kwanza Joeli alizifua nane kwa sabuni ya unga na kuzianika kwenye uzio.

"Zimetakata, dada," aliniambia kwa fahari.

"Zimetakata, Joeli. Sasa zipeleke kwa meneja umwambie ni uji."

Chumba kipya cha kontroo, pale mitambo inapoongozwa, kilikuwa na skrini ukutani na kiyoyozi, bila dirisha hata moja. Bomba langu la kioo likaondolewa. Badala yake kifaa kidogo kilipeleka kipimo moja kwa moja kwenye kompyuta, nayo ikachora mstari. Niliupenda ule mstari. Unaonyesha dakika kwa dakika jambo ambalo mimi niliandika mara nne kwa siku. Daftari niliendelea nalo kwa mazoea tu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kabla ya mkandarasi kutukabidhi kituo, mkataba ulitaka mitambo ifanye kazi siku kumi mfululizo kwa nguvu zote bila kuzima. Jaribio la kwanza mtambo namba mbili ulijizima siku ya nne, alasiri. Filta zilikuwa zimeziba kabisa, kompyuta ikauzima ili usiharibike. Jaribio la pili ulijizima siku ya tatu. Mitambo ile ilivuta hewa nyingi kuliko injini zetu za zamani, lakini hata hivyo filta zilizopaswa kudumu wiki kadhaa zilikuwa zinakufa kwa siku tatu, nne.

Meneja wa mradi, mtu wa mkandarasi, alituita sote Ijumaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na aliyempa kazi alikuwa akimpigia simu kila saa. Alitoa mstari kwenye skrini kubwa.

"Tazameni. Jumatatu, saa saba mchana, mstari unapanda. Jumanne, saa saba, unapanda. Kila siku. Isipokuwa Jumamosi. Jumamosi umelala kama mtoto aliyeshiba." Akageuka. "Jumamosi nani yuko kwenye filta?"

Kila mtu alijua. Jumamosi kikundi changu kilipumzika na vijana wa mkandarasi walishika zamu.

"Sitaki kumwonea mtu," akasema. "Lakini vijana wangu wakiwapo filta hazizibi, na hawa wakiwapo zinaziba. Jumatatu tunaanza jaribio la tatu, na hilo ndilo la mwisho. Nimependekeza kazi ya filta ichukuliwe na watu waliosomea."

Joeli alinitazama. Wote watano walinitazama. Nilikuwa kiongozi wao, watu wenye watoto shuleni, na nilijua kwamba tunapuliza na kubadilisha filta kama ipasavyo. Nilipaswa kusimama na kusema hivyo. Niliangalia viatu vya meneja. Vilikuwa vya kahawia. Mkutano ukaisha.

Tulipotoka Joeli hakutania. Alisema tu, "Dada, wametuita wachafu, na wewe umekaa."

Sikulala vizuri, wala sina haja ya kueleza zaidi. Asubuhi ya Jumamosi nilivaa ovaroli siku yangu ya mapumziko, nikaenda kituoni, nikapanda juu. Sikwenda kuwapeleleza wale vijana. Nilikwenda kujifunza. Niliamini kabisa kwamba wana mbinu ambayo sisi hatuijui, na kama ipo, Jumatatu tungeitumia.

"Shikamoo mama," wakanisalimia. "Leo si siku yako."

"Marahaba. Nimekuja kuona mnavyofanya."

Wakatazamana. Mmoja akavuta ubao wa drafti uliokuwa chini ya benchi. "Tunafanya hivi, mama. Asubuhi tunapuliza, halafu tunasubiri zizibe. Hazizibi."

Nilikaa nao mpaka alasiri. Ni kweli, walipuliza kama sisi, tena mmoja wao alikuwa mvivu kuliko Joeli. Saa saba ikafika, ikapita. Upepo ulivuma kutoka mashariki kama siku zote za kiangazi. Filta zikabaki safi. Nilishuka nikiwa nimeshinda drafti mara mbili na sijaelewa lolote.

Jumapili baada ya ibada nilirudi, zamu yangu. Saa saba nilisimama palepale nilipokaa jana, na nikajilazimisha kutazama kila upande kama mgeni. Nyuma ya ukuta mpya, uliojengwa mahali pa uzio wa nyaya, upande wa mashariki, likatokea wingu. Chini yake ng'ombe, wengi, mamia, wakipita taratibu karibu na ukuta. Upepo ukalichukua lile wingu, ukalivusha ukuta, ukalipeleka moja kwa moja kwenye midomo ya hewa ya mtambo namba mbili.

Nilikuwa nimewaona ng'ombe wale kwa miezi. Nilifungua daftari. "Saa saba. Ng'ombe mashariki. Vumbi." Ukurasa baada ya ukurasa, kwa mkono wangu. Dodoma vumbi si habari, ndiyo maana sikulifikiria. Fundi Shabani alinifundisha kuandika nilichokiona, na nikakifanya hicho kwa uaminifu, ila katika miaka yote sikuwahi kukaa nikasoma nilichoandika. Kosa hilo ni langu, na nawaomba msilirithi.

Kwa nini walipita mashariki? Hilo lilikuwa kosa letu sote. Wakati wa ujenzi, upande wa magharibi ulitengwa kuwa maegesho ya malori ya gesi. Birika la saruji lilikuwa katikati. Halikuwa kwenye ramani yoyote wala faili lolote, kwa hiyo greda likalivunja asubuhi moja na jioni pakasawazishwa. Ng'ombe wakakosa maji, wafugaji wakaanza kuzunguka kituo kwa upande wa pili kufuata lambo la mbali. Na Jumamosi? Jumamosi ni siku ya mnada wa mifugo. Siku hiyo kila mfugaji hupeleka ng'ombe upande wa mnadani, kuna birika kule, hata asiyeuza anakwenda kunywesha na kusikia bei.

Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla jaribio halijaanza, niliingia chumba cha kontroo. Walikuwapo meneja wa mradi, mkuu wa kituo, na Injinia Tumaini, binti mdogo wa zamu ambaye wengi wenu sasa mnamwita bosi.

"Naomba tusianze leo," nikasema.

Meneja hakuinua kichwa. "Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu ya ng'ombe."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Nikaendelea kwa sababu ningenyamaza nisingeweza kuanza tena. Nikaeleza birika, njia, upepo, mnada. Nadhani sijawahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo, hata siku ya harusi yangu.

Meneja akaweka kalamu chini. "Mama, unataka nimwandikie mwenye mradi kwamba mtambo huu, wenye kompyuta hizi zote, unazimwa na ng'ombe?"

"Sijui utaandika nini. Mimi nakwambia nilichokiona."

"Jumamosi hakuna ng'ombe, sawa. Lakini Jumamosi pia hampo ninyi. Nitajuaje ni lipi?"

Lilikuwa swali zuri. Injinia Tumaini ndiye aliyelipatia jibu. Aliomba daftari langu, akauliza, "Mama, kuna siku nyingine yoyote, si Jumamosi, ambayo ng'ombe hawakupita na ninyi mlikuwa kazini?"

Nilifunua kurasa moja moja. Nikaipata. "Jumatano. Saa saba. Ng'ombe hawakupita. Msiba kijijini."

Tumaini akaandika tarehe ile kwenye kompyuta. Skrini ikafikiri kidogo, kisha ikachora. Jumanne mstari ulipanda. Alhamisi ulipanda. Jumatano, tukiwa sisi sita juu ya paa, ulilala kutoka asubuhi hadi jioni.

Kisha mkuu wa kituo akasema polepole, "Mashine gani hii inayojua siku ya mnada na siku ya msiba?"

Meneja wa mradi alisimama, akaja mpaka niliposimama, akanipa mkono. "Nimewakosea," akasema. "Wewe na wenzako. Nitawaambia mwenyewe." Na aliwaambia, mchana uleule, mbele ya vijana wake. Joeli akamjibu kwamba amesamehewa, ila asirudie. Mdomo ulikuwa umerudi mahali pake.

Suluhisho la kwanza lilikuwa la mjini. Walinzi wakatumwa kuwafukuza ng'ombe mbali na ukuta. Ng'ombe wakikimbia wanatimua vumbi mara tatu kuliko wakitembea, na siku hiyo mstari ulipanda kama ngazi. Baada ya hapo meneja aliniuliza mimi afanye nini, na nilikwenda kijijini na mkuu wa kituo kumwona Mzee Ndahani, msemaji wa wafugaji.

"Mbukwenyi," nikamsalimu kwa Kigogo, tukaketi. Mzee Ndahani alisikiliza mpaka mwisho akichokonoa ardhi kwa fimbo.

"Mwanangu, sisi hatujahama njia," akasema. "Ninyi ndio mmehamisha maji. Ng'ombe hasomi kibao, anafuata maji."

"Tutayarudisha, baba. Nje ya ukuta, magharibi kulekule, mbele kidogo ya maegesho."

"Kwa maneno ya nani? Ya kwanza yalikuwa ya mdomo. Waliopeana mikono wote nimewazika, na birika likaondoka siku moja bila hata mtu kuja kusema samahani."

Mkuu wa kituo, ambaye alikuwa mgeni kwetu, akasema samahani palepale. Kisha Mzee Ndahani akataka iandikwe, kwa Kiswahili anachoweza kusomewa na mjukuu wake, isiwe karatasi ya ofisi yenye maneno yanayoteleza. Wakanitazama mimi. Nikaandika kwenye daftari, mstari kwa mstari, nusu saa nzima kwa maneno machache: maji yanayofurika ni ya mifugo ya kijiji; birika halitavunjwa wala kuhamishwa bila kijiji kukubali; ng'ombe watapita magharibi. Mkuu akatia sahihi na mhuri, mzee akaweka dole gumba. Nilinakili karatasi ya pili, nusu saa nyingine. Walisubiri, na hakuna aliyeniharakisha.

Wafugaji walichimba mtaro wa bomba kwa mikono yao, mkandarasi akatoa saruji na mafundi. Birika liliachwa likauke vizuri, kisha jaribio la tatu likaanza.

Siku ya nne, ile iliyotushinda mwanzo, ilipita. Siku ya saba upepo ulivuma mpaka mabati ya jirani yakaezuka, lakini mstari ulipanda kidogo tu ukatulia. Siku ya tisa, karibu saa saba, nilikuwa juu ya paa nikawaona ng'ombe wamefika kwenye birika na hawainami. Wanasukumana. Birika lilikuwa kavu. Mtu alifunga valvu ya bomba la birika asubuhi akisafisha tangi na akasahau kuifungua. Wale wa mbele walikwishageuka kuelekea mashariki.

"Joeli," nikaita kwenye redio. "Valvu ya birika. Kimbia."

"Nakula, dada."

"Joeli."

Hakuuliza tena. Nilimwona akikatiza uwanja na spana mkononi na ugali bado mdomoni. Kule nje Mzee Ndahani aliona ng'ombe wanageuka. Angeweza kuwaacha waende. Lambo la mbali lilikuwa na maji, na ng'ombe wenye kiu hawajui mkataba. Alipiga mluzi mmoja mrefu, vijana wake wakajipanga mbele ya kundi na mikono wameinyoosha, wakawashikilia. Nilihesabu moyoni sijui mpaka ngapi. Kisha maji yakaingia kwenye birika, kwanza kahawia, halafu meupe, na vichwa vyote vikageuka pamoja.

Siku kumi zilipotimia, saa nne asubuhi, mtambo namba mbili ulikuwa unanguruma kama ulivyoanza. Injinia Tumaini alisoma kipimo cha mwisho kwa sauti, na watu wazima, wenye digrii na wasio nazo, wakapiga makofi mpaka viganja vikauma. Meneja wa mradi alitupandisha mimi na wenzangu watano mbele ya wageni, akasema hawa ndio watakaoendelea kutunza filta, kwani yeye hana watu wanaozijua kuliko hawa. Fundi Shabani alikuwa amealikwa. Alisimama nyuma na birika lake la kahawa akiwauzia wageni.

Mchana tulipewa orodha ya vifaa vya kituo tuikague. Kila kitu kina namba yake, mitambo, transfoma, pampu, hata ngazi ya kupandia paani. Mwishoni meneja aliongeza mstari mmoja kwa mkono kabla orodha haijaingizwa kwenye kompyuta: birika la kunyweshea mifugo, moja, pamoja na valvu yake. Likapewa namba kama mashine nyingine, na ratiba ya matengenezo.

Kwa hiyo kila Ijumaa, ninyi mliobaki, skrini inawatolea kazi ya kukagua birika. Nimesikia kijana mmoja mpya aliifuta, akidhani kompyuta imekosea. Haijakosea. Teremkeni, tokeni nje ya ukuta, mkaangalie kama ng'ombe wamekunywa.